Mtoto "Hasikii"? Tumpime Masikio Kabla ya Kumchapa

Mtoto tunayetaka kukusimulia hakuletwa zahanati kwa sababu ya masikio. Aliletwa kwa sababu ya kidonda mkononi. Alikuwa na umri wa miaka 9, yuko darasa la pili kwa mara ya pili. Mama yake hakutuficha. Alisema mwalimu alimchapa kwa kutojibu alipoitwa, na alipofika nyumbani yeye mama akamwongezea, maana alikuwa amechoka kuitwa shuleni kila wiki.

"Mtoto huyu hasikii," alituambia. "Nimesema mpaka basi. Hasikii kabisa."

Mwenzetu aliyekuwa akisafisha kile kidonda alisogea nyuma ya mtoto, akamwita jina lake kwa sauti ya kawaida. Mtoto hakugeuka. Akamwita tena. Kimya. Alipoangusha sahani ya chuma sakafuni, mtoto akageuka. Mama alitutazama, kisha akamtazama mwanawe, asiseme neno.

Tukafungua daftari lake la matibabu. Katika miaka miwili alikuwa ameletwa kwetu mara 3 kwa tatizo la usaha: kwanza sikio la kulia, kisha la kushoto, kisha yote mawili. Kila mara tulimwandikia dawa na kumwambia mama amrudishe asipopona. Katika safari zote hizo hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza swali dogo: Je, mtoto huyu anasikia? Anaendeleaje shuleni? Kwa hiyo makala hii hatuiandiki kwa kuwanyooshea kidole wazazi na walimu. Na sisi wa zahanati tumo miongoni mwa waliochelewa.

NENO MOJA, MAANA MBILI

Katika lugha yetu, kusikia ni kupata sauti kwa masikio, na kusikia ni kutii. Ndiyo maana tunasema "asiyesikia la mkuu huvunjika guu". Kwa hiyo mtoto asiyepata sauti huangukia kwa urahisi katika kundi la watoto wasiotii. Huitwa mkaidi, mzito, mjinga, au husemwa kwamba ana mapepo. Yeye mwenyewe hawezi kujitetea, kwa sababu hajui kwamba wenzake wanasikia zaidi yake. Anadhani dunia iko hivyo kwa watu wote.

Mtoto asiyesikia kabisa hugunduliwa mapema, maana hajifunzi kusema. Anayetuchanganya ni yule anayesikia nusu. Anasikia ngoma, pikipiki na sahani ikianguka, lakini maneno humfikia yakiwa yamekatika. Sauti nyembamba kama s, f, sh, t na k ndizo humpotea kwanza. Mwalimu akisoma imla na kusema "fika", "pika", "shika", "sifa", mtoto huyu hupata i na a tu. Huandika anachokisia. Daftari lake hurudi limejaa alama nyekundu, na darasa zima humcheka.

USIKIVU HUPOTEAJE?

Wapo watoto wanaozaliwa hivyo, kwa kurithi au kwa sababu mama alipata rubela akiwa mjamzito. Wengine hupoteza usikivu baada ya kuzaliwa: kwa homa ya uti wa mgongo, surua, matubwitubwi, manjano kali ya mtoto mchanga, au baadhi ya dawa kali, kama sindano za gentamaisini, zikitumiwa bila uangalizi. Wengi huanza na jambo tunalolidharau, yaani sikio linalotoa usaha miezi na miezi huku ngoma ya sikio ikiwa imetoboka.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 430 duniani wanahitaji huduma kwa sababu ya kupoteza usikivu, na kati yao milioni 34 ni watoto. Shirika hilo linasema pia kwamba takriban asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto hutokana na mambo yanayoweza kuzuilika. Chanjo ni kinga mojawapo. Hapa Tanzania chanjo ya surua na rubela kwa pamoja ilianza kutolewa mwaka 2014. Mzazi, usiiache ipite.

DALILI ZA KUANGALIA

Mtoto mchanga hushtuka akisikia kishindo. Akifikia miezi 6 hugeuka kuitafuta sauti ya mama. Akifikia mwaka mmoja hulitambua jina lake na huanza kutamka neno moja moja. Akifikia miaka miwili huunganisha maneno mawili. Asipofanya hivyo, usiambiwe "atasema tu, hata baba yake alichelewa". Mlete apimwe.

Kwa mtoto wa shule, angalia haya: hujibu tofauti na alichoulizwa, huuliza "eee?" mara kwa mara, hutazama sana mdomo wa anayesema, hufungulia redio kwa sauti kubwa, hugeuza upande mmoja wa kichwa, akiagizwa mambo mawili hufanya moja, darasani huangalia jirani anaandika nini kabla ya kuandika yeye, huchoka na kusinzia mapema. Mtoto wa namna hii anaweza kuonekana mtundu nyuma ya darasa, na akawa mwema kabisa mkiwa wawili mnatazamana.

Nyumbani unaweza kufanya jaribio dogo. Chagua mahali palipotulia. Simama nyuma ya mtoto, umbali wa urefu wa mkono, asikuone wala asione kivuli chako. Mwambie azibe sikio moja kwa kidole. Nong'ona neno analolijua, kama "samaki" au "kitabu", naye alirudie. Fanya hivyo mara kadhaa, kisha hamia sikio la pili. Akikosa mara nyingi, si ushahidi wa mwisho, ila ni sababu ya kutosha ya kwenda kupimwa. Usimpime kwa kupiga makofi, maana anaweza kuyasikia makofi na asisikie maneno.

SIKIO LINALOTOA USAHA

Likaushe. Sokota kitambaa safi cha pamba kiwe kama utambi, kiingize taratibu, kiache kinyonye, kitoe, weka kingine mpaka kitoke kikavu. Fanya hivyo mara 3 kwa siku, na umlete mtoto zahanati apewe dawa inayofaa. Wakati huo asiogelee, na maji ya kuoga yasiingie sikioni.

Usitie mafuta ya taa, mafuta ya kupikia, maziwa, mkojo, wala maji ya majani. Usichokonoe kwa njiti ya kiberiti wala kwa unyoya wa kuku. Na usaha ukikoma usidhani kazi imekwisha. Uliza: Je, usikivu umerudi? Hapo ndipo sisi tulipokosea.

KUTOKA ZAHANATI HADI DARASANI

Wazazi wengi wakishajua kwamba mtoto ana tatizo hufanya moja kati ya mawili. Wengine humwachisha shule akae nyumbani, achunge mbuzi au alinde nyumba. Wengine hukaa wakisubiri nafasi katika shule maalumu ya mbali, na miaka inapita. Sisi tunasema: usimwachishe, wala usisubiri umekaa. Anza na shule aliyopo, huku ukifuata hatua hizi.

Kwanza, apimwe kitaalamu. Zahanati ikupe barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, na ikibidi kwenda penye kliniki ya masikio, pua na koo, kama Muhimbili, KCMC au Bugando. Omba matokeo kwa maandishi, na uliza kwa lugha rahisi: sikio gani lina nafuu? Tatizo linatibika? Anahitaji kifaa? Akae wapi darasani? Usiondoke na karatasi usiyoelewa maana yake.

Pili, nenda kwa mwalimu mkuu na matokeo hayo. Usiende kugombana. Mwalimu mwenye watoto themanini mbele yake si rahisi kutambua mmoja asiyesikia. Mwombe akuitie mwalimu wa darasa, mketi watatu, mkubaliane mambo mawili au matatu ya kuanza nayo. Yaandike, na utaje siku ya kurudi kuangalia yamefikia wapi.

Tatu, mwombe mwalimu mkuu aandike barua kwa ofisa anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri yenu. Huyo ndiye wa kueleza mtoto apelekwe wapi kupimwa mahitaji yake ya kielimu, shule ipi ina kitengo cha watoto wasiosikia, na vifaa hupatikanaje. Barua ikikawia, fuata mwenyewe ofisini. Ofisa elimu kata na ofisa ustawi wa jamii nao wanaweza kukusukumia jambo hilo.

Nne, tunza bahasha ya mtoto. Ndani yake weka kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, matokeo ya vipimo na nakala ya kila barua. Weka pia daftari dogo la kuandika siku uliyokwenda, ofisi uliyokwenda, cheo cha aliyekupokea na alichoahidi. Tumeona mama mmoja akizungushwa mara nne kwa neno "njoo wiki ijayo". Mara ya tano alifungua daftari lake, akasoma tarehe zote nne kwa upole, na siku hiyo hiyo barua ikaandikwa. Asiye na karatasi huanza upya kila ofisi inapobadilisha mtu.

YASIYOGHARIMU KITU DARASANI

Walimu, haya hayahitaji bajeti. Mkalishe mtoto mbele, upande ambao sikio lake lenye nafuu linakuelekea, mbali na dirisha la barabarani. Mtazame kabla ya kusema. Usiongee huku umegeukia ubao, maana anasoma midomo. Usipige kelele, kwani kelele huharibu umbo la maneno. Sema kwa utulivu na kwa ukamilifu. Andika ubaoni maneno mapya na kazi ya nyumbani. Akikosea kusikia, usirudie sentensi ile ile mara tano. Iseme kwa maneno mengine. Usimwulize "umeelewa?" kwa sababu atajibu "ndiyo" ili aachwe. Mwambie aeleze alichoelewa. Mpe rafiki wa kukaa naye, aliye mwema, wa kumwonyesha ukurasa. Na imla msahihishie peke yake, bila kuwasomea wenzake makosa yake.

KIFAA CHA MASIKIONI

Shimesikio, yaani kifaa cha kuongeza usikivu, huwasaidia watoto wengi, ila si kama miwani ambayo ukiivaa unaona mara moja. Kinakuza sauti zote, pamoja na kelele za madawati, hivyo mtoto huhitaji wiki nyingi za kuzoea. Kifaa hupimiwa mtu, kwa hiyo usimvalishe mtoto cha marehemu babu. Hakitaki maji, jasho wala vumbi. Betri huisha na hununuliwa tena na tena, na kile kipande kinachoingia sikioni hubadilishwa mtoto anapokua. Kabla ya kupokea kifaa, hata cha msaada, uliza betri zitatoka wapi na fundi yuko wapi. Tumekuta vifaa vizuri vikiwa kabatini kwa sababu ya betri tu.

Upo pia upasuaji wa kupandikiza kifaa ndani ya sikio kwa mtoto ambaye shimesikio haimsaidii. Muhimbili ilianza kuufanya mwaka 2017, na kabla ya hapo wagonjwa walilazimika kwenda nje ya nchi. Ni huduma ya gharama kubwa na si ya kila mtoto, lakini akiwa bado mdogo uliza mapema, maana umri una uzito katika uamuzi huo.

ASIYESIKIA KABISA

Mtoto huyu anahitaji lugha, na lugha yake ni ya alama. Wapo wazazi wanaoikataa wakidhani itamzuia kusema. Tunawaomba wasiogope. Mtoto asiye na lugha yoyote katika miaka yake ya mwanzo ndiye anayepata hasara kubwa, kwa sababu bila lugha hawezi kuuliza, kuhesabu, wala kusema nani amemwumiza. Kwa hiyo ninyi wazazi na ndugu zake mjifunze pia. Waulizeni walimu wa elimu maalumu na wanachama wa CHAVITA, chama cha viziwi, walio karibu nanyi. Mtoto anayerudi likizo kwenye nyumba ambayo hakuna anayejua alama zake ni mgeni kwao.

Shule za watoto viziwi zipo. Ile ya Tabora ilianzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963, na ya Buguruni, Dar es Salaam, ilianza mwaka 1974. Ziko nyingine mikoani, pamoja na vitengo ndani ya shule za kawaida, na Chuo cha Patandi huko Arusha kinaandaa walimu wa elimu maalumu. Kabla ya kumpeleka mtoto bweni, nenda ukaone kwa macho yako. Uliza walimu wanajua lugha ya alama, nani analala na watoto, wasichana wanalindwaje, na utapataje habari za mwanao. Kumpeleka bweni si kumtupa. Mtembelee, na likizo mchukue.

HAKI, SI FADHILA

Baadhi ya wazazi huingia ofisini kana kwamba wanaomba msaada wa unga. Ndugu mzazi, simama wima. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma kama wengine, katika shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu, na inataka apewe huduma za kumsaidia kujifunza. Sheria hiyo pia inataka ziwepo kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Uliza kamati ya kwenu iko wapi. Kama haipo, uliza kwa nini haipo.

Shule ikikukatalia, omba sababu kwa maandishi. Ukishindwa kwa mwalimu mkuu, nenda kwa ofisa elimu kata, kisha halmashauri. Usiende peke yako: chukua mzazi mwenzako, au mtu wa jumuiya yenu anayejua kusoma barua na kuuliza maswali bila hasira.

Mitihani nayo isisahaulike. Wakati wa kusajili watahiniwa, hakikisha shule imeandika hali ya mtoto wako. Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu muda wa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mtoto ambaye hali yake haikuandikwa anaweza kukosa nafuu hiyo. Kuuliza siku ya mtihani ni kuchelewa.

MTOTO YULE

Tulikausha masikio yake, tukampa dawa, na safari hii tulimwandikia barua ya hospitali. Huko alipimwa. Sikio la kulia lilikuwa limepata nafuu. La kushoto lilikuwa limepoteza sehemu kubwa ya usikivu. Mama alikwenda shuleni na karatasi hiyo siku iliyofuata, akiwa na hofu ya kusemwa. Mwalimu aliisoma mara mbili. Kisha akamhamisha mtoto kutoka dawati la mwisho hadi la pili kutoka mbele, sikio la kulia likimwelekea yeye.

Hatutaki kusema kwamba yote yamekwisha. Shimesikio bado anaisubiri, na barua ya halmashauri ilibidi iandikwe mara ya pili. Hesabu zimemlemea, maana amepoteza miaka miwili ambayo haitarudi kwa kuhama dawati tu. Lakini sasa anasoma kwa sauti mbele ya wenzake, na mama yake anasema ukimwita upande wa kulia anaitika.

Muhula uliofuata mwalimu yule alifika zahanati kwetu mwenyewe, siku ya Jumamosi, akiwa amewashika mkono watoto wengine watatu wa darasa lake. "Hawa nao nilikuwa nasema hawasikii," alituambia. Tuliwapima. Wawili walikuwa wameziba kwa nta, tukaitoa wakaenda zao. Wa tatu tulimwandikia barua ya hospitali, na mwalimu akaomba nakala aiweke kwenye faili la shule.